Kichwa Wiki ya Tatu, Bado Mnasema Malaria?

Mpenzi msomaji, jaribu kulitaja neno "fangasi" pale Kariakoo uone. Kinyozi atakwambia habari za mapunye ya watoto. Dada wa vipodozi mtaa wa Kongo atakutolea tyubu tatu za krimu kabla hujamaliza sentensi. Shosti wako atakuvuta pembeni akunong'oneze kuhusu ule muwasho ambao sisi wanawake hatupendi kuusema kwa sauti. Kwetu fangasi ni mambo ya ngozi, ya vidole vya miguu, ya nguo za ndani zisizokauka vizuri msimu wa masika. Ni aibu ndogo tu, krimu ya wiki moja na maisha yanaendelea. Nani amewahi kusikia mtu kafa kwa fangasi?

Wapo, tena wengi, ila kwenye msiba tunaambiwa ni malaria iliyopanda kichwani, au tunaambiwa kwa macho tu, bila maneno, kwamba marehemu alirogwa. Mwaka juzi kidogo kaka yangu wa tumbo moja aingie kwenye hesabu hiyo. Naandika haya kwa ruhusa yake na ya mkewe, kwa sharti moja: majina yabaki nyumbani.

MALARIA, TAIFODI, KISHA "MKONO WA MTU"

Kaka yangu ana duka la vitambaa na khanga Kariakoo. Ni mtu wa kuamka saa kumi na moja alfajiri, wa kupiga hesabu kichwani huku anaongea na wateja watatu kwa mpigo. Kichwa kilimuanza mwezi wa nne, mvua zimekolea, maji yamejaa mitaani. Nani angefikiria kitu kingine? Akameza Panadol, akaendelea na biashara.

Siku ya tano akaenda kwenye kijimaabara kimoja cha uchochoroni, pale unapopima na kupewa majibu huku umesimama. Malaria haikuonekana, lakini dawa mseto alipewa hivyo hivyo, "kwa usalama". Wiki ya pili akarudi. Safari hii akaambiwa ana taifodi. Kipimo chenyewe ni kile cha Widal, ambacho huangalia alama ambazo mwili umeziacha kwenye damu, na alama hizo zinaweza kuwa za ugonjwa uliopita zamani au hata za maambukizi mengine. Watu wazima wengi wa mjini wakipimwa Widal leo wanaweza kuambiwa wana taifodi, na hawana. Kaka akachomwa sindano siku kumi.

Wiki ya tatu akaanza kutapika. Mwanga wa jua ukawa unamuumiza. Akawa anaona watu wawili wawili. Kilichotutisha zaidi ni pale alipoanza kusahau bei. Yule kaka ambaye ukimuamsha usiku wa manane anakutajia bei ya kila doti ya khanga dukani kwake, alimuuliza kijana wake wa dukani, "Hivi hii tunauzaje?"

Hapo ndipo ukoo ulipoanza kugawanyika, si unajua tena familia zetu. Wengine wakasema biashara yake imemletea husuda, aonwe mtaalamu. Wengine wakasema maombi. Wifi yangu, maskini, alikuwa anamkanda kichwa kwa maji ya moto na kumpaka Vicks usiku kucha. Mimi na mdogo wetu wa mwisho tukambeba kwenye teksi, tukampeleka hospitali ya rufaa.

SWALI AMBALO HAKUNA ALIYEULIZA

Alitupokea daktari kijana, nadhani hata miaka thelathini hajafika. Alimsikiliza, akaangalia karatasi zote za vipimo tulizobeba kwenye mfuko wa Rambo, halafu akasema kwa upole, "Naomba ndugu wote mtoke nje kidogo. Na wewe mama, samahani." Wifi alinitazama. Tukatoka.

Zilikuwa dakika kama kumi hivi. Daktari alipotoka hakutueleza walichoongea, alisema tu anaongeza vipimo vingine. Yaliyozungumzwa mle ndani tulikuja kuyajua baadaye, kutoka kinywani mwa kaka mwenyewe. Alikuwa amepima VVU miaka mitatu nyuma, akakutwa navyo. Akaanza dawa. Kopo akawa analificha dukani katikati ya marobota ya vitambaa. Siku moja kijana wa dukani akaanza kupanga upya mzigo, kaka akaingiwa na hofu kwamba litaonekana na habari zitafika nyumbani kabla yake. Akaacha dawa. Mwaka na zaidi hakumeza hata kidonge. Wifi hakujua lolote.

Sasa angalia hapa, msomaji wangu. Kile kijimaabara kilimpima malaria kwa sababu alisema homa. Kilimpima taifodi kwa sababu alisema tumbo limevurugika. Maabara hujibu swali lililoulizwa, basi. Mashine hata iwe ya bei gani, haiwezi kutafuta kitu ambacho hakuna aliyeiomba ikitafute. Na daktari hawezi kuomba kama hajui kinga ya mgonjwa imeshuka. Kipimo kilichomuokoa kaka hakikuanzia kwenye sindano. Kilianzia kwenye zile dakika kumi za kusema ukweli.

MISTARI MIWILI

Kipimo chenyewe ukikiona utashangaa. Ni kijikaratasi chembamba, ndugu kabisa na kile kipimo cha mimba tunachonunua duka la dawa. Damu kidogo, tone la kimiminika chake, unasubiri dakika kumi. Ukiona mstari mmoja, kipimo kimefanya kazi na fangasi hakuonekana. Mistari miwili, yupo. Cha kaka kilitoa miwili.

Fangasi mwenyewe anaitwa kriptokokasi. Anaishi kwenye udongo, kwenye miti mizee na hasa kwenye vinyesi vya njiwa. Kwa hiyo wewe na mimi tunaopita mjini kila siku huenda tumeshamvuta na vumbi, tena mara nyingi. Hatudhuriki kwa sababu kinga ya mwili inamdhibiti. Na haambukizwi kutoka kwa mtu hadi mtu, kwa hiyo habari za kutenga vikombe na sahani ni kumnyanyasa mgonjwa bure. Shida inaanza kinga inapoporomoka. Hapo anatoka mapafuni, anaingia kwenye damu, na sehemu anayoipenda kuliko zote ni ubongo. Anasababisha homa ya uti wa mgongo ya aina yake, inayokuja polepole, kichwa kwa wiki kadhaa, wala shingo si lazima ikakamae kama tulivyozoea kusikia.

Ujanja wake ni koti. Fangasi huyu amejifunika koti nene la sukarisukari linalomkinga na askari wa mwili. Lakini koti hilo hilo ndilo linalomuumbua, maana vipande vyake humeguka na kuelea kwenye damu, na kile kijikaratasi kinanasa vipande hivyo.

Zamani ilikuwa kazi. Ilibidi mgonjwa atolewe maji ya uti wa mgongo, mtaalamu wa maabara aweke tone la wino mweusi, kisha aangalie kwa darubini. Wino unatia giza kila mahali isipokuwa pale penye lile koti, ambalo linauzuia usipite. Mtaalamu mmoja alinionyesha picha kwenye kitabu chake: usiku mweusi tii, na ndani yake viduara vyenye mng'ao, kama taa za pikipiki kwenye ukungu. Kipimo hicho cha wino bado kinatumika na ni cha bei nafuu, lakini fangasi wakiwa wachache kinaweza kuwakosa. Kijikaratasi kilipoingia sokoni mwaka 2011 mambo yakawa rahisi, kwa sababu hakihitaji maabara kubwa na damu tu inatosha kuanzia.

Na kuna hili lililoninyima usingizi. Watafiti waliofuatilia wagonjwa Uganda walichapisha mwaka 2002 kwamba alama za fangasi huyu zilionekana kwenye damu siku kadhaa kabla ya dalili. Nusu ya wagonjwa zilitangulia kwa siku 22 au zaidi. Yaani huenda damu ya kaka yangu ilikuwa na jibu tayari wakati yeye bado anacheka na wateja dukani, hajaumwa hata ukucha. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka watu wenye VVU ambao CD4 zao ziko chini ya 100 wapimwe damu hata kama hawaumwi kitu, na inashauriwa hata kwa walio chini ya 200. Akikutwa mapema, bado hajafika kichwani, mara nyingi mgonjwa anatibiwa kwa vidonge vya flukonazo na kwenda zake nyumbani.

SINDANO YA MGONGONI

Kwa kaka ilikuwa imeshafika kichwani. Daktari akasema lazima atolewe maji ya uti wa mgongo. Weee! Shangazi yetu alisimama katikati ya korido akaweka mikono kichwani. "Mgongo hauchomwi! Mtoto wa jirani yangu walimchoma, kesho yake tukamzika." Wajomba wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Bila shaka na wewe umeshasikia maneno hayo mtaani kwenu.

Daktari hakumfokea. Alivuta kiti, akakaa usawa wake, akamwambia, "Shikamoo mama. Huyo mtoto walimleta akiwa ameumwa siku ngapi?" Shangazi akanyamaza. Ndipo akatueleza. Sindano inachomwa chini kabisa, kiunoni, mahali ambapo uti wenyewe umeshaisha na zimebaki nyuzi za neva zinazoelea kwenye maji. Wanaofariki baada ya sindano, wengi wamefikishwa wakiwa wameshachelewa, na sindano ndiyo inayobeba lawama. Tena kwa ugonjwa huu, kuyapunguza yale maji ni sehemu ya tiba, kwa sababu fangasi wanaziba njia yake, presha inapanda, na presha hiyo ndiyo inayoua na kupofusha.

Aliyeamua ni wifi. Alisema kwa sauti ndogo, "Baba watoto anaumia. Mchomeni." Wakamchoma. Jioni ile ile kaka aliomba chai. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku nne kuomba kitu chochote. Walirudia kumtoa maji mara tatu zaidi kwa siku zilizofuata, na kila mara kichwa kilipungua.

Jambo lingine lililotuchanganya: walikataa kumrudishia ARV hapo hapo. Tulidhani wanamnyima. Kumbe kuna sababu. Utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba walioanzishwa ARV ndani ya wiki mbili za mwanzo walifariki wengi kuliko waliosubiri wiki tano hivi. Kinga ikirudi kwa kasi wakati fangasi bado wamejaa kichwani, vita inapiganiwa ndani ya ubongo na ubongo unavimba. Kwa hiyo kwanza fangasi, halafu wiki 4 hadi 6, ndipo ARV. Ukiwa na ndugu kwenye hali hii usimchokoze nesi, uliza ueleweshwe.

Tiba nayo imebadilika. Mwaka 2018 ulitoka utafiti mkubwa uliohusisha Tanzania, Malawi, Zambia na Cameroon, ukaonyesha kwamba wiki moja ya dripu ya amfoterisini ikichanganywa na vidonge vya flusaitosini inaokoa watu vizuri, badala ya wiki mbili za dripu zilizozoeleka. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza njia fupi zaidi: dozi moja kubwa ya amfoterisini ya aina mpya, kisha vidonge kwa wiki mbili. Hilo nalo limetokana na utafiti wa nchi tano za Afrika, jirani zetu Uganda na Malawi wakiwamo.

Kaka alitoka hospitali baada ya wiki nne. Jicho la kushoto halioni vizuri mpaka leo. Hizo ndizo wiki tatu za "malaria".

KINACHOUMA SI VIRUSI

Hili gazeti ni la wapendanao, kwa hiyo siwezi kuruka sehemu hii. Kaka alipopata nguvu, mshauri wa pale hospitali aliwakalisha wawili. Alimwambia mkewe mwenyewe, kwa mdomo wake. Wifi hakupiga kelele. Alimaliza kumlisha uji, akaosha bakuli, na alipohakikisha ametoka wodini salama akachukua basi kwenda kwa wazazi wake Morogoro. Akakaa miezi miwili.

Nilimfuata kumjulia hali, si kumrudisha. Tulikaa uani tunachambua mchicha, akaniambia maneno ambayo sijayasahau. "Wifi, kinachoniuma si virusi. Kinachoniuma ni kwamba angekufa mikononi mwangu, na mimi ningekuwa bado nampaka Vicks."

Alipima. Hana. Akarudia baada ya miezi mitatu, hana. Siku hizi wapo wanandoa wengi wa namna hiyo, mmoja anavyo na mwenzake hana, na wanaishi vizuri tu. Mwenye VVU akimeza dawa sawasawa mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenza wake kwa njia ya kujamiiana. Hilo kaka hakulijua wakati analificha kopo kwenye marobota. Alidhani anailinda ndoa.

Wifi alirudi na sharti lake. Kopo la dawa likae sebuleni, juu ya kabati la vyombo, mahali kila mtu anapoliona. Lipo pale mpaka leo, pembeni ya picha ya harusi. Ndoa imerudi kama zamani? Hapana, na hawadanganyi kwamba imerudi. Lakini saa tatu usiku simu ya wifi inaita kumkumbusha, na yeye ndiye anayempa maji ya kumezea.

DAR NDIYO ILIYOFUNDISHA DUNIA

Ajabu ya yote, jibu la tatizo hili limetafutwa hapa hapa mjini kwetu. Kuanzia mwaka 2012, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, wakiongozwa na Sayoki Mfinanga, pamoja na wenzao wa Zambia na Uingereza, waliandikisha watu 1,999 katika kliniki za Dar es Salaam na Lusaka. Wote walikuwa na CD4 chini ya 200 na ndiyo kwanza wanaanza dawa. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine waliongezewa vitu viwili: kipimo cha damu cha fangasi huyu, na mhudumu wa jamii, si daktari wala nesi, aliyewatembelea nyumbani kila wiki kwa wiki nne za mwanzo kuwajulia hali na kuwahimiza wameze dawa.

Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2015. Baada ya mwaka mmoja, kwenye huduma ya kawaida walifariki 18 kati ya kila 100. Kwenye kundi lililoongezewa, 13. Watu watano katika kila mia, kwa kijikaratasi na mtu wa kugonga hodi. Ukitafakari, ile hodi inafanana sana na kazi anayoifanya wifi yangu saa tatu usiku.

SI WENYE VVU PEKE YAO

Usije ukafunga ukurasa ukisema haya hayakuhusu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya fangasi hatari zaidi kwa binadamu, 19 kwa jumla, na kriptokokasi yumo kwenye kundi la juu kabisa. Wanaoandamwa ni wenye kinga dhaifu: wagonjwa wa saratani wanaopata dawa kali, watoto njiti, waliolazwa muda mrefu chumba cha uangalizi maalum, waliotumia steroidi kwa muda mrefu, wenye kisukari kisichodhibitiwa. Wakati wa Uviko, mwaka 2021, India ilishuhudia fangasi mweusi akila nyuso za watu, wengi wao wenye kisukari. Hata aliyepona kifua kikuu, akianza tena kukohoa damu na makohozi yasionyeshe kitu, anaweza kuwa na fangasi kwenye mapafu.

Vipimo navyo si kimoja. Fangasi wa kwenye damu huoteshwa maabara na majibu huchukua siku kadhaa. Wa ngozi anakwanguliwa kidogo tu na kuangaliwa kwa darubini, kipimo rahisi kabisa, lakini sisi tunakimbilia krimu za mchanganyiko zenye steroidi ndani yake. Muwasho unatulia, fangasi anatambaa kimya kimya.

MKIWA WAWILI

Basi, haya machache mkae mkayaongee.

Kichwa kikiuma zaidi ya wiki moja na dawa ya malaria haijasaidia, msirudie dozi. Nendeni hospitali yenye daktari, na mtaje kila kitu: dawa mnazotumia, mlizoacha, kisukari, kipimo cha VVU cha mwisho kilikuwa lini. Daktari akitaka kuongea na mwenza wako peke yake, toka nje kwa amani. Anaweza kuwa anamuokoa.

Mwenza wako akiwa na VVU na CD4 zikawa chini, ulizeni kwa jina: "Amepimwa fangasi wa kriptokokasi?" Na msiikatae sindano ya mgongoni kwa maneno ya korido.

Na kwa ninyi mnaoanza maisha: Julai 14, 2007, pale viwanja vya Mnazi Mmoja, hatua chache kutoka Kariakoo, Rais Jakaya Kikwete na mkewe Mama Salma walipima VVU hadharani, nchi nzima inatazama. Ninyi hamhitaji hadhara. Mnahitaji meza ya chakula, simu zikiwa zimezimwa, na mmoja wenu aanze kwa kusema, "Mpenzi, kuna jambo nataka ulijue kuhusu afya yangu." Anayeogopa kuachwa, na akumbuke kwamba wifi yangu aliondoka miezi miwili kisha akarudi. Kwa wiki tatu zile za kimya tulikuwa tunaelekea kumzika mumewe.